Bingwa wa Tumbo na Mgonjwa wa Pongwe

Kila gari litokalo Tanga mjini kuelekea bara hupita Pongwe. Hupita penye kiwanda cha saruji na machimbo ya mawe ya chokaa, likashika njia ya Muheza, na lifikapo Segera hukuta barabara imegawanyika: mkono wa kuume ni njia ya Korogwe, Same na Moshi, mkono wa kushoto ni njia ya Chalinze na Dar es Salaam. Katika mabasi hayo, miongoni mwa wafanya biashara, wanafunzi na jamaa waendao mazikoni, hakosi kuwamo mgonjwa mwenye barua ya rufaa mfukoni. Pale Segera ndipo safari yake hujulikana. Akipelekwa kulia anakwenda KCMC, akipelekwa kushoto anakwenda Muhimbili. Na njia zote mbili, ukihesabu toka Pongwe, zapita kilomita 300.

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mgonjwa mmoja tu katika hao wenye barua, yaani mgonjwa wa tumbo. Na juu ya daktari anayemngojea mwisho wa safari: amefundishwa nini, amefundishwa wapi, na akiisha kufundishwa anakwenda kukaa wapi. Wengi hudhani kuwa mafunzo ya madaktari mabingwa ni jambo la maprofesa na wakubwa wa Wizara. Sisi hatuoni hivyo. Anayelipa kodi ndiye anayemsomesha daktari, na anayeumwa ndiye kitabu ambacho daktari hujifunzia. Kwa sababu zote mbili mfanyakazi wa Pongwe anayo haki ya kuuliza.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye umri wa miaka 40 ambaye kazi yake ni ya kuinua na kubeba. Mgongo wamwuma kila jioni. Anakwenda duka la dawa ananunua diklofenaki, anapata nafuu, na kesho yake ananunua tena. Miezi inapita. Sasa anaanza kusikia moto katika chembe cha moyo, hasa usiku akiwa na njaa. Jirani anamwambia anywe maziwa. Mwingine anamwambia magadi. Mzee mmoja anamwambia kuwa huo ni mchango na dawa yake ni mizizi. Vyote hivyo anavijaribu, na dawa ya mgongo haachi, maana kazi haimngoji. Siku moja anakwenda msalani na kuona choo chake ni cheusi, kinateleza, kinanata kama lami. Hana maumivu makubwa siku hiyo, na kwa hiyo anakwenda kazini.

Mtu huyo anavuja damu ndani. Damu iliyopita tumboni ikachanganyika na maji makali ya tumbo hugeuka rangi ikawa nyeusi namna ile. Tunaieleza dalili hii kwa makusudi, kwa kuwa katika maneno yote ya makala haya huenda hili likawa ndilo litakalomfaa mtu upesi zaidi: choo cheusi kama lami si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Hapana budi kufika Kituo cha Afya siku ile ile.

Sasa daktari afanyeje? Tumbo si jicho wala sikio, halitazamwi kwa kurunzi. Kwa miaka mingi waganga wa ulimwengu walibahatisha kama tunavyobahatisha sisi na magadi yetu. Mwaka 1868, huko Freiburg katika nchi ya Ujerumani, daktari aitwaye Adolf Kussmaul alimtafuta mcheza maonyesho aliyezoea kumeza panga mbele ya watu, akamwingizia bomba la chuma hadi tumboni ili apate kuchungulia. Lakini wagonjwa si wameza panga. Shida hiyo iliendelea mpaka mwaka 1957, pale Basil Hirschowitz, kijana aliyezaliwa Afrika ya Kusini na kwenda Marekani kujifunza zaidi maradhi ya tumbo katika Chuo Kikuu cha Michigan, alipotengeneza pamoja na wenzake mpira unaopindika, wenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga na sura. Mtu wa kwanza kuumeza mpira huo alikuwa yeye mwenyewe.

Tangu hapo kazi imebadilika. Siku hizi ncha ya mpira ina kamera ndogo, na sura huonekana katika kioo kama cha televisheni. Na si kutazama tu. Kwa njia ya mpira huo daktari huchoma dawa penye kidonda kinachovuja, hubana mshipa kwa kibanio kidogo cha chuma, hukata kipande cha nyama cha kupimwa maabara. Mtu ambaye ini lake limeharibika kwa homa ya ini, kwa kichocho au kwa pombe, mishipa ya umio wake huvimba, na ikipasuka hutapika damu beseni zima. Daktari mwenye ujuzi huifunga mishipa ile kwa mpira mwembamba, mmoja baada ya mwingine. Ukiwa nacho chombo hicho na yuko mtu anayekijua, mgonjwa huyo huenda akapona. Visipokuwapo, jamaa zake hukaa wakishika beseni.

Neno la kushikilia hapa ni "anayekijua". Chombo chaweza kununuliwa kwa fedha, tena chaweza kuletwa na wafadhili katika sherehe yenye utepe na picha za magazeti. Anayekijua hanunuliwi. Hufanywa, na kumfanya ni kazi ya miaka mingi.

Tuihesabu miaka hiyo pamoja. Kijana akimaliza kidato cha sita husoma udaktari miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi. Akipata nafasi hurudi chuoni kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani kwa miaka mitatu au minne. Hapo aitwa daktari bingwa, lakini bingwa wa mambo yote ya ndani: moyo, mapafu, figo, sukari, tumbo. Ndipo achague njia moja aifuate mpaka mwisho, na hiyo ndiyo inayoitwa ubingwa bobezi. Wa mfumo wa chakula na ini hufundishwa sasa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Basi mwanafunzi aliyeanza akiwa na miaka 20 hatoki kabla ya kupita miaka 30, na wengi hupita 35, maana katikati hutumwa kazini na wana familia za kulisha.

Wasomaji wetu wazee watakumbuka tulikotoka. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, hesabu ambayo Mwalimu aliizoea kuitaja ni ya madaktari wazalendo 12 katika Tanganyika nzima. Wakati huo aliyetaka udaktari alikwenda Makerere au ng'ambo. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1971 zikafunguliwa KCMC na Bugando. Kutoka kwa watu 12 kufikia nchi inayofundisha mabingwa wabobezi katika hospitali yake yenyewe, na kutoka kuomba nafasi ng'ambo kufikia Serikali kulipia masomo hayo kwa mpango uliopewa jina la Rais Samia, hiyo si hatua ndogo, wala hatutaki kuisikia ikidharauliwa na watu ambao wao wakiumwa tumbo hupanda ndege.

Hata hivyo, kulipia masomo ni jambo moja, na kujua kinachofundishwa ni jambo la pili. Kwa maoni yetu mwanagenzi wa ubingwa huu hufundishwa vitu vitatu: mkono, sikio na swali. Tutasema kidogo juu ya mkono, zaidi kidogo juu ya sikio, na zaidi ya yote juu ya swali, kwa kuwa hilo ndilo linalosahauliwa.

Mkono ni kama mkono wa fundi yeyote. Hakuna seremala aliyejifunza randa kwa kusoma. Katika Marekani chama cha madaktari wa kazi hii husema mwanagenzi asipimwe kama anafaa kabla hajatazama matumbo 130 akisimamiwa. Uingereza huhesabu 200 na kupita. Hesabu hizo zina maana kubwa kwetu. Mahali ambapo mpira ni mmoja, nao mara mbovu mara mzima, wanagenzi wanne hugawana wagonjwa wachache, na kila mmoja hutoka na cheti kilichojaa na mkono mtupu. Na tukisema mpira mbovu, tusimsahau fundi wa kuutengeneza na muuguzi wa kuusafisha. Mpira usiosafishwa sawasawa waweza kuhamisha homa ya ini kutoka kwa mgonjwa wa asubuhi kwenda kwa mgonjwa wa mchana. Muuguzi huyo naye anahitaji mafunzo na mshahara unaomstahili, lakini jina lake halitajwi kwenye utepe.

Sikio ni jambo lenye kutuhusu sisi wenye lugha. Daktari husoma vitabu vya Kiingereza, hufanya mitihani kwa Kiingereza, kisha hukaa mbele ya mama kutoka Pongwe anayemwambia: "Moyo waniuma." Kijana asiye na sikio humpeleka kupimwa moyo. Aliye na sikio humwuliza aonyeshe kwa kidole, na mama huweka kidole penye chembe cha moyo, chini ya kifua, palipo tumbo. Mwingine husema moyo wamchafuka, naye ana kichefuchefu. Mwingine asema tumbo lamsokota, mwingine lamkata, mwingine lamwunguruma, mwingine limejaa gesi, mwingine ana kiungulia. Na kila neno lina maana yake na laelekeza mahali pake. Kusokota kunakokuja na kupoa si sawa na moto usiokoma. Wako na wale watakaosema ngiri au mchango, na ndani ya maneno hayo mawili watu wa pwani wametia maradhi kumi tofauti. Mwanagenzi anayecheka maneno haya amepoteza nusu ya dawa. Hatujui kama kuna mtihani wowote wa ubingwa unaompima mtu kwa Kiswahili cha mgonjwa, lakini tungependa uwepo, na tungependa mzee mmoja wa Kidigo na mmoja wa Kibondei wakae katika meza ya watahini.

Sasa tuje kwenye swali.

Katika mwaka 1981, katika mji wa Perth, Australia, daktari kijana aitwaye Barry Marshall alikuwa bado mwanagenzi. Kanuni za mafunzo yake zilimtaka afanye utafiti mmoja, kama wanavyotakiwa wanagenzi wote. Hospitalini pale alikuwako mtaalamu wa maabara, Robin Warren, aliyekuwa akiona vijidudu vilivyopinda katika vipande vya nyama ya tumbo, na hakuna aliyemsikiliza, maana vitabu vilisema hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika maji makali ya tumbo. Vidonda vya tumbo, walisema, huletwa na fikra nyingi na pilipili. Marshall akaenda kwa Warren. Wakajaribu kuviotesha vijidudu katika maabara, wakashindwa mara nyingi, maana vyombo vilitupwa baada ya siku mbili. Katika Pasaka ya mwaka 1982 chombo kimoja kikaachwa siku tano kwa sababu ya likizo. Watu waliporudi, vijidudu vimeota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kikombe cha vijidudu hivyo, akaugua tumbo. Dunia ilichelewa kukubali, lakini ilikubali, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo vidonda vingi vya tumbo vinavyotokana na kijidudu hicho hutibiwa kwa dawa za siku chache, mahali ambapo zamani mtu alikatwa tumbo au aliishi na maziwa mpaka kufa.

Hatukutaja habari hiyo ili vijana wetu wanywe vijidudu. Twaitaja kwa sababu kazi ile ilitoka katika sharti lile lile ambalo wanagenzi wengi huliona kuwa mzigo wa mwisho kabla ya kuvaa joho: andika tasnifu. Na sisi sote twajua jinsi tasnifu nyingi zinavyoandikwa. Kichwa huchaguliwa kwa kuwa ni rahisi kumalizika, makaratasi ya wodi hukusanywa kwa miezi michache, hesabu hufanywa, kitabu hujalidiwa, kikawekwa kabatini. Mwandishi wake hupata cheti na mgonjwa aliyehesabiwa humo hasikii neno.

Lakini maswali yapo, tena yamelala mlangoni. Kijidudu cha Marshall kimejaa katika Afrika, na wenye nacho ni wengi kuliko Ulaya. Lakini saratani ya mfuko wa chakula, ambayo kijidudu hicho husaidia kuileta, katika sehemu nyingi za bara letu haikuonekana kuwa nyingi kwa kadiri iliyotazamiwa. Tangu mwaka 1992 wataalamu huliita jambo hili kitendawili cha Afrika. Je, ni kweli, au ni kwamba hatukuwa na mipira ya kuwatazama wagonjwa na wakafa bila kuhesabiwa? Watafiti wa Mwanza, katika wagonjwa wa Bugando, wamekwisha kuonyesha kuwa baadhi ya vijidudu hivyo vimekuwa sugu kwa dawa zetu za kawaida. Vya Tanga vikoje? Dawa anazopewa mtu wa Pongwe kwa siku kumi na nne, kwa fedha zake, zinaua au zinachezea?

Na kuna chai. Tukiwa watu wa mkoa wenye mashamba ya chai katika Usambara, habari hii yatugusa. Katika Afrika ya Mashariki, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya na Tanzania mpaka Malawi, saratani ya umio ni nyingi kupita kiasi. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha mate. Katika hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, madaktari wameona vijana wasiofikia miaka 30 wakiwa nayo, jambo ambalo katika Ulaya halionekani. Basi watafiti katika mkoa wa Kilimanjaro walichukua kipima joto, wakakitia katika kikombe cha chai wakati ule hasa mtu anapoanza kuinywa. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2015, yalikuwa kwamba watu huanza kunywa chai ikiwa na joto la nyuzi 71 hivi. Mwaka uliofuata, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likatangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Tangu hapo watafiti wameendelea kuwahoji wagonjwa na wasio wagonjwa huko Moshi, Eldoret na Blantyre, ili kuona ni lipi lenye hatia zaidi, chai, pombe, tumbaku, moshi wa kuni au meno mabovu.

Msomaji ashike jambo moja hapo: kipima joto na kikombe. Haikuhitajiwa ndege wala mashine ya mabilioni. Lilihitajiwa swali, na mtu aliyejua kuliuliza, na wenyeji waliokubali chai yao ipimwe. Ni nani amekwisha kupima chai inayonywewa na wafanyakazi wa zamu ya usiku huko Pongwe?

Wala mfano huu si mpya katika pande zetu. Mwaka 1961, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Kampala alifunga safari ya motokaa kuukuu pamoja na wenzake wawili, maili 10,000 kwa muda wa wiki kumi, akipita hospitali baada ya hospitali, na Tanganyika ikiwamo, akiuliza kila mahali kama wamewaona watoto wenye uvimbe fulani wa taya. Kwa safari hiyo uvimbe ule ulijulikana unakopatikana na usikopatikana. Baadaye akageukia tumbo, na mwaka 1972, yeye na wenzake wakaonyesha kuwa chakula cha watu wa mashambani wa Afrika hupita tumboni kwa karibu nusu ya muda kinachotumia kwa Waingereza, kwa sababu ya makapi yake. Kwa maneno mengine, ugali wa dona aliokuwa akila bibi yetu ulitetewa na Mwairishi kabla sisi hatujaanza kuuonea haya.

Mkoa wa Tanga nao ni mzee katika utafiti. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani waliweka taasisi ya sayansi mwaka 1902; baada ya Vita Kuu ya Pili pale pakawa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika ya Mashariki yote, na leo kazi hiyo imo mikononi mwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watu wa Muheza wamechomwa sindano za damu usiku wa manane ili matende yajulikane. Watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto wa Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria iliyoanza mwaka 2009. Mkoa huu umeitoa damu yake kwa elimu ya dunia. Ni haki kuuliza kwa nini mwanagenzi wa tumbo asije naye hapa na daftari lake.

Tunajua hoja itakayoinuka, nayo ni hoja nzito, tena imetoka katika nyumba yetu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusije tukajenga hospitali kubwa za mijini kwa mikopo ambayo mzigo wake utamwangukia mkulima wa kijijini. Yuko mwanachama atakayesema: zahanati yangu haina dawa ya minyoo, nanyi mwataka bingwa bobezi? Hatuwezi kumjibu kwa kejeli. Dawa ya minyoo kwanza, maji safi kwanza, chanjo kwanza. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B imo katika chanjo za watoto wachanga nchini tangu mwaka 2002, na chanjo hiyo itaokoa maini mengi kuliko mabingwa wote wa Muhimbili. Lakini waliozaliwa kabla ya mwaka huo, na ndio wengi wa wanaoshika sululu leo, hawakuipata utotoni. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika nafaka iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kuharibu maini yao. Na walioitambua sumu ile ni watu waliofundishwa kuuliza na kupima. Zahanati isiyokuwa na bingwa nyuma yake hubaki kutoa magadi kwa jina la kizungu.

Kwa hiyo ugomvi wetu hauhusu kuwapo kwa bingwa. Unahusu mahali anapofundishiwa. Mwanagenzi anayekaa miaka yake yote katika jengo moja la Dar es Salaam hujifunza kwamba mgonjwa ni mtu anayefika akiwa na barua. Haoni wale ambao barua haikuandikwa, wala wale walioishia Segera kwa kukosa nauli. Akihitimu, hubaki pale alipozoea, na hatuna ruhusa ya kumlaumu sana, maana mpira uko pale, mwalimu yuko pale, na hospitali za watu binafsi ziko pale jirani zikimngoja jioni.

Kambi za madaktari bingwa zilizoanza kuzunguka katika halmashauri mwaka 2024 zimefanya jema. Watu wengi wameonwa ambao wasingeonwa. Bingwa hukaa siku chache, hutibu, kisha huondoka. Sisi twataka mwanagenzi akae miezi. Katika miaka yake ya ubingwa bobezi, tunashauri apangiwe sehemu maalumu ya kukaa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Bombo, akiwa na chombo kizima na mwalimu anayemfuata, kama si kila siku basi kila wiki, na kwa njia ya simu na televisheni siku nyingine. Kutoka Bombo ashuke mara moja kwa juma mpaka Kituo cha Afya Pongwe, akae na tabibu wa pale, aone mgonjwa wa tumbo siku ya kwanza ya kuumwa badala ya siku ya mwisho. Tabibu naye atajifunza ni yupi wa kumpa dawa na ni yupi wa kumpeleka mbio. Hesabu ya matumbo yaliyotazamwa Bombo iingie katika daftari lake la mafunzo sawa na ya Muhimbili. Na tasnifu yake isipokelewe chuoni kabla hajairudisha kwa wale waliohesabiwa humo, akasimama mbele yao katika ofisi ya kata akaeleza kwa Kiswahili kile alichokikuta.

Sharti hilo la mwisho litawaudhi baadhi ya wasomi. Watasema si desturi. Nasi twasema desturi huanzishwa.

Upande wa pili, kuna deni letu. Mwanagenzi hawezi kujifunza kama hatukubali atujifunzie. Wapo wenzetu wakiambiwa wameze mpira hutoroka wodini. Wengine husikia neno "utafiti" wakadhani damu yao inauzwa. Hofu hiyo haikuzuka bure, kwani zamani za ukoloni walipimwa watu wasioelezwa neno. Dawa yake ni kuuliza. Mtu ana haki ya kuambiwa daktari huyu ni mwanagenzi na msimamizi wake ni nani. Ana haki ya kukataa na bado akatibiwa. Ana haki ya kujua kipande cha nyama yake kinapelekwa wapi. Akiisha kuelezwa na kuridhika, basi atulie ameze, maana mkono unaojifunza kwake leo utamshika mwanawe kesho kutwa.

Vyama vya wafanyakazi navyo viliangalie jambo la diklofenaki. Mwajiri anayempa mtu mzigo wa kuvunja mgongo, kisha akamwacha ajitibu dukani, amehamisha maumivu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Hilo lafaa kuandikwa katika mikataba ya hali bora pamoja na viatu na kofia za chuma.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wengi wameuliza kadi hiyo italipia nini. Kwa mgonjwa wetu wa Pongwe swali hilo lina mkia: kadi italipia kutazamwa tumbo, lakini nani atatazama, na wapi? Mkutano wa tawi utakapoitishwa na mheshimiwa mbunge akafika, wanachama wa Pongwe wanaweza kumwomba akaulize Bungeni mambo mawili kwa Wizara: katika madaktari wote waliolipiwa ubingwa bobezi wa mfumo wa chakula na ini kwa fedha ya umma, ni wangapi walipangiwa hospitali za rufaa za mikoa, na wangapi wako huko mpaka sasa. Majibu yakitolewa, gazeti hili litayachapa yote, na majina ya mikoa tutayaandika kwa herufi kubwa.